Mapenzi Yanayoumiza, Hadithi Zilizolegea: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara kuhusu Manga na Anime za Mapenzi

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya msomaji ambaye tayari anazipenda manga (hadithi za katuni za Kijapani zinazochapishwa) na anime (katuni za Kijapani za kutazama) za mapenzi, lakini amewahi kufika katikati ya hadithi akajiuliza kwa nini anaombwa kumshangilia mtu ambaye, kama angekuwa mchumba wa dada yake, angemwambia dada huyo aachane naye mara moja. Zinatajwa kazi chache tu, na baadhi ya majibu yanafichua namna hadithi zinavyoisha.

Kwa nini watu husema "shojo" kana kwamba ni aina ya hadithi?

Ni mazoea tu. Shojo, shonen, josei na seinen ni majina ya wasomaji wanaolengwa na jarida: wasichana, wavulana, wanawake na wanaume. Jarida la Margaret, lililoanza mwaka 1963, na Hana to Yume, lililoanza mwaka 1974, huuzwa kwa wasichana, kwa hiyo chochote kinachochapishwa humo huitwa shojo, hata kiwe cha kutisha au cha michezo. Tofauti hii ina uzito hapa kwa sababu lawama hazifanani. Katika majarida ya wasichana, lawama kubwa humwendea mvulana mkatili anayegeuzwa kuwa mchumba wa kutamanika. Katika majarida ya wavulana, humwendea mtunzi anayeizungusha hadithi palepale kwa miaka huku mhusika mkuu akishindwa kutamka neno moja.

Mnaposema usimulizi ni dhaifu, mnapima kwa kipimo gani?

Kwa kipimo kilekile ambacho mwanafunzi wa fasihi hufundishwa darasani. Je, msuko unasonga kwa sababu wahusika wameamua jambo, au kwa sababu mtunzi amewasukuma kutoka nyuma? Je, wahusika ni duara, wanaobadilika na kutushangaza, au ni bapa kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho?

Hadithi ya mapenzi ina swali moja la ziada, nalo ndilo gumu kuliko yote: kwa nini wapendane hawa wawili, na si wengine? Mtunzi mwenye jibu ana hadithi. Asiye na jibu hulazimika kutafuta kitu kingine cha kumshikilia msomaji, na kilicho rahisi kupatikana ni maumivu. Mvulana akimtukana msichana leo, kisha kesho akamfunika kwa koti lake wakati wa mvua, msomaji atafungua sura inayofuata ili aone itakuwaje, ingawa kwa hakika hakuna lililojengwa kati ya wawili hao. Kwa sababu hiyo tunashikilia kwamba mahusiano mabaya na usimulizi dhaifu katika kazi hizi mara nyingi ni kasoro moja inayoonekana kwa sura mbili: ukatili umepewa kazi ambayo ilipaswa kufanywa na msuko. Anayetilia shaka na achukue sura tatu za manga anayoishuku, aondoe kila tusi, kila tishio na kila tendo la kulazimisha, halafu atazame wahusika wamebaki na mazungumzo gani.

Lakini Hana Yori Dango imejaa ukatili, na bado inapendwa. Mnaielezaje?

Swali hili ni la haki, kwa sababu manga hiyo ya Yoko Kamio, iliyoanza mwaka 1992 katika Margaret, ndiyo mama wa nyingi zilizofuata. Imeigizwa kwa runinga nchini Taiwan mwaka 2001, Japani mwaka 2005 na Korea Kusini mwaka 2009, na watazamaji wengi wa tamthilia za Kikorea wanaijua hata kama hawajawahi kushika manga. Tsukasa Domyoji, mtoto wa tajiri, hutoa kadi nyekundu kwa mwanafunzi aliyemuudhi, na shule nzima hupata ruhusa ya kumtesa aliyepewa. Tsukushi Makino, mtoto wa familia isiyo na fedha, anapewa kadi hiyo.

Kinachoiokoa hadithi, kwa sehemu kubwa, ni kwamba Tsukushi anajibu. Anampiga, anamkatalia, anamcheka, na upendo wa Tsukasa unaanzia hapo hapo kwenye kukataliwa, kwa kuwa ni mara ya kwanza kukutana na mtu asiyeweza kununuliwa. Pengo la kitabaka ni mgogoro wa kweli: mama yake Tsukasa ana uwezo wa kuiharibu familia nzima ya Makino, na anautumia. Hata hivyo, kuipenda hadithi hakutulazimishi kufumba macho. Katika sura za mwanzo Tsukasa anaamuru msichana achukuliwe kwa nguvu hadi kwenye jumba lake, na yapo mashambulizi ambayo manga huyapita haraka mno, kana kwamba aibu ni ya msomaji anayekumbuka. Kazi hii ina mifupa imara na madoa mabaya kwa wakati mmoja. Shida ni kwamba walioiga walichukua madoa wakaiacha mifupa.

Ni mfano gani unaoonyesha kuiga huko vizuri zaidi?

Iko mingi, lakini miwili inatosha.

Ookami Shoujo to Kuro Ouji ya Ayuko Hatta ilichapishwa kati ya mwaka 2011 na 2016, na anime yake ya sehemu 12 ilitoka mwaka 2014. Erika, anayeogopa kubaki bila marafiki, anawadanganya wenzake kwamba ana mpenzi, na kama ushahidi anawaonyesha picha ya mvulana asiyemjua, aliyoipiga kwa siri barabarani. Mvulana huyo, Kyoya Sata, kumbe anasoma shule moja naye. Anakubali kujifanya mpenzi wake kwa sharti kwamba Erika awe "mbwa" wake, yaani atumwe, adhihakiwe na kutii. Mwanzo huu ni mzuri sana. Una uongo wenye gharama, una upweke wa kweli wa msichana anayenunua urafiki kwa hadithi za kubuni, na mtunzi angeweza kuchimba hapo kwa juzuu nyingi. Badala yake swali la uongo na urafiki linasukumwa pembeni mapema, na nafasi yake inachukuliwa na mzunguko ambao msomaji ataujua baada ya sura chache: Kyoya anaumiza, Erika analia, Kyoya anafanya jambo moja dogo la huruma, Erika anaona moyo wake halisi. Kisha tunaanza upya.

Hot Gimmick ya Miki Aihara, ya juzuu 12, inasikitisha zaidi kwa sababu mwandishi wake ana kipaji kikubwa zaidi cha kupanga mambo. Familia zinaishi katika nyumba za kampuni moja, baba wanafanya kazi chini ya mwajiri mmoja, na mama yake Ryoki Tachibana anaheshimiwa na kuogopwa na majirani wote. Hatsumi anamnunulia mdogo wake kipimo cha mimba. Ryoki anagundua, na ananyamaza kwa sharti kwamba Hatsumi awe mtumwa wake. Hapa vitisho vina mizizi katika uchumi wa nyumba ile: siri ikivuja, aibu itampata baba kazini. Lakini Hatsumi mwenyewe hapewi utashi. Anagombaniwa na wanaume watatu, kila mmoja na ajenda yake, na yeye husita, hulia na kuomba radhi. Mwishoni manga inamkabidhi kwa Ryoki, na hatuwezi kuonyesha ukurasa ambao Hatsumi alimchagua baada ya kupima mambo kwa akili yake.

Je, malezi magumu ya mvulana hayatoshi kueleza tabia yake?

Kueleza, ndiyo, kufuta, hapana. Kyoya ni mtoto wa wazazi waliotengana, na inaaminika kabisa kwamba kijana wa namna hiyo anaweza kuogopa kupenda. Tatizo la kiufundi ni mahali maelezo yanapowekwa. Historia ya utotoni inapoletwa mara tu baada ya tendo la kuumiza, hufanya kazi ya risiti: msomaji anaonyeshwa machozi ya mvulana, na machozi ya msichana yanaondolewa kwenye hesabu. Katika kazi iliyoandikwa vizuri, mhusika mwenye jeraha hujua kwamba ana jeraha, hujaribu kubadilika, hushindwa, na aliyeumizwa hupewa nafasi ya kusema imetosha.

Kabedon ni nini, na je, ni jambo la kulalamikia?

Ni lile tendo la mvulana kupiga kiganja ukutani kando ya kichwa cha msichana na kumbana asiondoke. Lilivuma Japani kiasi kwamba mwaka 2014 neno hilo liliingia katika orodha ya maneno kumi yaliyotia fora nchini humo. Hatulilalamikii peke yake. Kuna michoro ya kabedon inayochekesha, na kuna ambayo msichana ndiye anayempiga mvulana ukutani. Linachosha linapotumika kama njia ya mkato, pale ambapo mtunzi hana mazungumzo ya kuwapa wahusika, naye anawabandika ukutani wakiwa kimya.

Kwa nini hadithi nyingine hazisongi kabisa?

Kwa sababu kusimama kunalipa. Manga huchapishwa kwanza kwa vipande katika majarida, na mengi kati ya hayo, Weekly Shonen Jump likiwa maarufu zaidi kwa hilo, huwauliza wasomaji ni hadithi zipi walizozipenda katika toleo husika. Isiyopata kura husitishwa. Inayopata huendelea, hata kama mtunzi alikuwa amekwisha kusema alilokuwa nalo. Sasa, ikiwa taharuki yote ya hadithi ni "watakiri lini?", siku watakapokiri ndiyo siku bidhaa itakapokwisha. Hivyo kila mara kijana anapofungua kinywa, fataki hulipuka angani, treni hupita, au simu hulia. Safari ya shule, ufukwe wa bahari, tamasha la kiangazi, homa na uji wa mgonjwa: tukio baada ya tukio, na hakuna linaloacha alama.

Kanojo, Okarishimasu ya Reiji Miyajima ndiyo inayotajwa mara nyingi. Ilianza mwaka 2017 katika Weekly Shonen Magazine na imepita sura 300. Kazuya, mwanafunzi wa chuo aliyeachwa na mpenzi wake, anakodi msichana wa kujifanya mpenzi, Chizuru, kisha anaidanganya familia yake kwamba uhusiano ni wa kweli. Wazo hili lina uchungu na uchekeshaji wa kutosha kwa hadithi fupi yenye makali, kwa kuwa kupenda mtu unayemlipa ili atabasamu ni jambo lenye maswali mazito. Lakini uongo uliopaswa kupasuka mapema unarefushwa juzuu baada ya juzuu, na Kazuya hujuta kwa sauti kubwa, hulia, hujiapiza, kisha huamka vilevile alivyolala. Hapo ndipo kulegea kwa msuko kunapogeuka kuwa tatizo la mahusiano: mwanamke ambaye kwa sura nyingi hajasema ndiyo anawekwa katika hali ya kungoja na kunyenyekewa bila mwisho, na uvumilivu huo wa mwanamume tunaambiwa ni upendo.

Na anime je, mbona nyingi huisha bila kuisha?

Msimu mmoja kwa kawaida ni sehemu 12 au 13 zinazorushwa kwa miezi mitatu, na mara nyingi lengo la wafadhili ni kuuza vitabu. Mtazamaji anayetaka mwisho hana budi kununua manga. Lawama hapa si ya waongozaji.

Wavulana hawaumizwi katika hadithi hizi?

Wanaumizwa sana, na kwa kuwa huumizwa kwa vichekesho, wachache hulalamika. Katika Love Hina ya Ken Akamatsu, iliyochapishwa kuanzia mwaka 1998 hadi 2001, Keitaro hupigwa ngumi hadi kuruka angani kwa makosa ambayo mara nyingi hata hakuyakusudia, na msichana anayempiga ndiye anayetarajiwa kuwa mke wake. Ukibadilisha jinsia zao, hakuna mhariri ambaye angeichapisha kama kichekesho. Udhaifu wa kisanaa ni uleule: kipigo kinachukua nafasi ya mazungumzo.

Kwa nini mashabiki bado wana hasira na Usagi Drop?

Kwa sababu walisalitiwa na hadithi waliyoipenda kwa haki. Yumi Unita aliianza mwaka 2005: Daikichi, mwanamume wa miaka 30 asiye na mke, anakwenda kwenye mazishi ya babu yake na kumkuta Rin, mtoto wa miaka sita anayesemekana kuwa binti wa marehemu, ambaye hakuna ndugu anayemtaka. Daikichi anamchukua. Juzuu nne za kwanza ni miongoni mwa maandishi bora kuhusu ulezi yaliyowahi kutoka katika manga: kutafuta shule ya chekechea, kupunguziwa majukumu kazini, kutibu homa usiku, kukojoa kitandani. Anime ya mwaka 2011 iliishia hapo, na iliishia vyema.

Manga iliruka miaka kumi mbele. Mwishoni Rin, sasa msichana, anagundua kwamba hana uhusiano wa damu na Daikichi, na hadithi inaelekea kwenye ndoa kati yake na mwanamume aliyemlea. Wengi huishia kusema kwamba mwisho huo unachukiza, na ni kweli. Lakini tunataka kuongeza hoja ya kifasihi ambayo haisemwi vya kutosha. Juzuu zile nne zilijengwa juu ya jambo moja tu: kwamba ubaba hauletwi na damu, unaletwa na kuamka usiku. Kisha mtunzi anatumia kukosekana kwa damu kama kibali cha kuufuta ubaba uleule. Hadithi imekanusha msingi wake, na ndiyo sababu hata msomaji asiyejali suala la maadili huhisi kwamba kuna kitu kimevunjika mikononi mwake.

Je, kuonyesha uhusiano mbaya ni sawa na kuutetea?

Hapana, na anayedai hivyo atalazimika kuitupa Nana ya Ai Yazawa, jambo ambalo litakuwa hasara kubwa. Manga hiyo ilianza mwaka 2000, ikasimama mwaka 2009 kutokana na ugonjwa wa mtunzi, na hadi leo haijamalizika. Anime yake ya sehemu 47 ilirushwa mwaka 2006 na 2007. Nana Komatsu, anayeitwa Hachi, anajikuta kati ya Nobu, anayempenda bila kuwa na kitu, na Takumi, kiongozi wa bendi maarufu, mwenye fedha, utulivu, na tabia ya kuwapanga watu kama samani. Takumi ni msaliti na mtawala, na Yazawa hamfichi. Wakati huohuo anatuonyesha kwa nini Hachi, akiwa mjamzito na mwenye hofu, anamwona kuwa kimbilio. Uamuzi huo una sababu, na una gharama: unauvunja urafiki wa wanawake wawili, Hachi na Nana Osaki anayeishi naye, ambao ndio moyo wa kitabu, na sauti inayosimulia kutoka miaka ya baadaye inatujulisha kwamba bei bado inalipwa.

Tofauti na Ookami Shoujo iko hapo. Mateso ni mengi zaidi katika Nana, lakini kila moja linasogeza msuko, na hakuna anayerudishwa alipokuwa jana.

Fruits Basket iko upande gani?

Upande mzuri, pamoja na dosari zake. Natsuki Takaya aliichapisha kuanzia mwaka 1998 hadi 2006 katika juzuu 23, na anime ya pili, ya mwaka 2019 hadi 2021, ndiyo iliyoifikisha mwisho. Akito, mkuu wa ukoo wa Sohma, amewaumiza watu wake kwa namna za kutisha: Hatori aliharibiwa jicho, Isuzu alisukumwa kutoka dirishani, Yuki alifungiwa gizani akiwa mtoto. Takaya anatumia juzuu nyingi kueleza jinsi udhibiti wa aina hii unavyofanya kazi ndani ya familia, jinsi aliyeumizwa anavyoendelea kumtetea aliyemuumiza, na jinsi Tohru, mhusika mkuu, mwenyewe anavyojificha nyuma ya wema wake. Ubishi upo juu ya mwisho wa Akito, ambao baadhi ya wasomaji wanauona kuwa mwepesi mno. Sisi doa linalotusumbua zaidi ni dogo na halitajwi sana: wazazi wa Tohru walikutana mama akiwa mwanafunzi na baba akiwa mwalimu wa mafunzo katika shule yake, na kazi iliyo makini hivyo kuhusu mamlaka inalisimulia jambo hilo kama simulizi tamu tu.

Hamuoni kwamba mnauhukumu utamaduni wa Wajapani kwa macho ya wageni?

Tungekuwa tunafanya hivyo kama Wajapani wenyewe wangekuwa wamenyamaza. Sheria yao ya kuzuia ukatili wa wenzi ilipitishwa mwaka 2001. Mwezi Aprili 2019, baada ya mahakama kuwaachia huru washtakiwa katika kesi kadhaa za unyanyasaji wa kingono, wanawake walikusanyika Tokyo wakiwa na maua mikononi, na mikusanyiko hiyo iliyoitwa Flower Demo ikaenea nchini. Mwaka 2023 bunge lilibadilisha sheria ya makosa hayo ili izingatie ridhaa, na umri wa kuridhia, ambao ulikuwa miaka 13 tangu mwaka 1907, ukapandishwa hadi 16. Anayesema kwamba kumlazimisha msichana ni utamaduni wa Japani anawasemea Wajapani jambo ambalo wengi wao wanalipinga barabarani na bungeni.

Nianze na zipi kama nimechoka na ukatili?

Kimi ni Todoke ya Karuho Shiina, ya juzuu 30, ambayo inathibitisha kwamba hadithi inaweza kwenda polepole bila kusimama, kwa sababu kila kusita kwa Sawako, mhusika mkuu, kunatokana na hali yake ya msichana aliyeogopwa na darasa zima na ambaye hajui kama anaruhusiwa kupendwa. Ore Monogatari!! ya Kazune Kawahara na Aruko inawaunganisha Takeo na Yamato mapema kabisa, kisha inaonyesha kwamba baada ya kukiri bado kuna mengi ya kusimulia. Mtunzi mvivu na aisome hiyo kwanza. Yubisaki to Renren ya suu Morishita, iliyofanywa anime mwaka 2024, inamhusu Yuki, mwanafunzi wa chuo asiyesikia, na Itsuomi, anayejifunza lugha ya ishara ili azungumze naye. Wapo wanaomwona Itsuomi kuwa mwepesi mno kumgusa Yuki mwanzoni, na hatuwapingi. Lakini kila ishara mpya anayoijua inafungua mazungumzo ambayo jana hayakuwezekana.

Binti yangu wa miaka 13 anatazama hizi kwenye simu. Nimzuie?

Kumzuia kabisa ni vigumu, kwa kuwa sehemu hizi hupita kutoka simu moja hadi nyingine bila mtu mzima kuhusika. Alama za umri nazo husaidia kwa kiasi, kwani hupima zaidi damu, uchi na lugha. Mvulana anayeipekua simu ya mpenzi wake au kumkataza marafiki anaweza kupita bila alama yoyote. Keti naye mtazame sehemu mbili za ile anayoipenda zaidi, bila mahubiri, kisha muulize msichana wa kwenye hadithi anataka nini mbali na kupendwa na yule mvulana. Binti akiweza kujibu kwa undani, huenda hadithi hiyo ni nzuri kuliko ulivyodhani. Akikosa jibu, muulize yeye angeiandikaje sehemu inayofuata, na umwache aanze.